Daftari la Getini

Saa kumi na mbili kasoro, Newala ina ukungu
mzito kama maji ya kufulia.
Nimeshika daftari,
kalamu imefungwa kwa uzi isiibiwe.
Nje ya geti wanawake sitini na saba.
Ndani, meza za kubangulia arobaini.
Hesabu hii sikuitunga mimi,
mimi naisoma tu.

"Somoe Nangumbi." "Nipo."
"Zainabu Chilumba." "Nipo."
"Esha wa Mkunya." "Yupi? Tuko wawili."
"Mwenye vidole vizima."
Wanacheka, kicheko kifupi,
cha mtu anayeweka akiba.

Bosi alinieleza ofisini, kwa upole wa mwalimu:
"Litunu, mlango ulio mgumu kutokea
watu huogopa hata kuingizia.
Nikimpa mtu ajira ya kudumu,
Juni ghala likiwa tupu abangue nini, upepo?
Niruhusu kuachia, nitashika wengi.
Nikatazeni kuachia, nitashika wachache
na nitaagiza mashine."
Nikaitika. Hoja ile ilikaa kichwani mwangu kama figa:
haitikisiki,
na upande mmoja ina moto.

Basi nikachapa mikataba ya miezi mitatu,
kisha siku kumi na nne zisizo na jina,
kisha mitatu tena,
mtu awe mgeni upya
kwenye meza iliyokwisha kuchukua umbo la viwiko vyake.
Somoe ana miaka tisa ya ugeni.
Mafuta ya ganda yamemfuta mistari ya vidole,
na ile mashine ya alama, ilipoletwa,
ilimkataa mara nne.
*Hatambuliki*, iliandika kwa taa nyekundu.
Nikamwandika kwa kalamu.

Juni ikafika, zimebaki gunia za wiki mbili.
"Punguza kumi na wawili," bosi akasema.
"Nani?"
"Wewe ndiye unayewajua."
Kuwajua! Nilidhani ni jambo jema.
Yupo anayevunja punje, zikawa vipande,
yupo mwenye mimba anayoificha kwa kanga ya pili,
yupo Somoe, aliyepungua kasi tangu mwaka jana
na hajavunja punje hata moja.
Nikapiga mstari. Nikafuta. Nikapiga tena.

Jumapili nikapanda baiskeli hadi shambani kwake,
maana jambo kama lile haliambiwi mtu getini.
Nikamkuta kati ya mikorosho,
mbele yake vijana watatu na pampu moja ya kupulizia.
Salfa imepanda bei, alikuwa akiwaambia.
"Wewe Nandonde, kesho usije."
Kijana akatazama chini, akasugua kidole gumba mchangani.
"Sina kazi ya watatu," Somoe akasema,
"kusema ninayo ni kukudanganya."
Nikasimama pale, nikamsikia bosi
akizungumza kwa lafudhi ya Kimakonde.

Ila hakuishia hapo.
Alifungua fundo la kanga,
akahesabu, akahesabu tena, akarudisha noti moja,
akampa iliyobaki.
"Hii nusu ya kesho. Uliniwekea siku yako,
ukaacha za wengine. Na msimu ukirudi
nitaanza na jina lako."
Ndipo aliponigeukia. Aliona baiskeli, aliona uso.
"Karibu, Litunu. Nami ni wangapi?"
"Kumi na wawili."
"Na nusu yetu umeileta?"

Sikuwa nayo.
Nilikunywa uji wake, nikauona mchungu, haukuwa mchungu.
Aliponisindikiza njiani akaniuliza, polepole,
"Na wako unaisha lini?"
Tarehe thelathini. Niliuchapa mwenyewe,
nikarekebisha hata koma.

Jumatatu, kabla ya kuita majina,
nikachora safu mpya daftarini, sikuipa kichwa.
Bosi akaja na chai yake, akaweka kidole juu yake,
kidole chenye mistari yote.
"Hii ya nini?"
Nikataka kuandika jibu. Nikaivuta kalamu,
na uzi
haukufika.